Agizo la Majitaka Kupanda Kilima

Nchi nitakayoisimulia haiko karibu na kwenu, wala haiko karibu na kwetu. Msomaji atakayehisi kwamba amewahi kuipita, au kwamba shemeji yake ni diwani huko, na anywe maji kwanza apoe. Akimaliza, ndipo aulize yalikotoka. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Tunatekeleza, jina ililopewa na waasisi wake siku walipoulizwa mpango wa maendeleo umefikia wapi.

Katika Tunatekeleza kuna mji mdogo uitwao Mtumbizi. Mji umekaa mtelemkoni, chini yake unapita Mto Lusheni, na chini zaidi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, kipo kijiji cha Bondeni kinachoutegemea mto huo kwa kunywa, kupikia na kuogea. Kwa miaka mingi kila nyumba ya Mtumbizi ilikuwa na shimo lake la choo, na kila mtu alijua cha kwake kiko wapi. Serikali ikaona aibu. Mji unaotaka kuitwa manispaa hauwezi kuendelea kuchimba mashimo kama panya. Likaamuliwa jambo la kisasa: mabomba yapite kila nyumba, yakusanye majitaka yote, yayapeleke kwenye mtambo wa kuyatibu, na mto upokee maji safi.

Mhandisi aliyeuchora mtambo huo, mtu wa mbali asiyejua desturi, aliuweka chini kabisa, ng'ambo ya daraja, kwa hoja kwamba maji huteremka. Kamati ya Maandalizi ilipoiona ramani iliingiwa na simanzi. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Gaitano Lugome, Mkuu wa Mji, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu, aliuliza swali moja tu: siku ya uzinduzi, Mheshimiwa Waziri atateremkaje kule? Wajumbe wakatazamana. Katika Tunatekeleza mkubwa hupanda. Hupanda cheo, hupanda jukwaa, hupanda ndege. Hajapata kuonekana mkubwa akiteremka mahali kwa hiari yake. Hata ile methali ya mtaka cha mvunguni sharti ainame ilikuwa imeshaondolewa mashuleni, kwa sababu wakaguzi waliona inawafanya watoto wamdhanie vibaya Waziri.

Basi mtambo ukahamishiwa Kilima cha Heshima, juu ya mji wote, juu ya nyumba ya Mkuu wa Mji na ya hakimu na ya mkuu wa polisi, mahali penye upepo mzuri na panapokaa vizuri kwenye picha. Mhandisi akauliza majitaka yatapandaje. Akajibiwa kwamba yataelekezwa. Akauliza yataelekezwa na nani. Akajibiwa kwamba hilo ni swali la kisiasa, na yeye aliitwa kwa ajili ya saruji. Pampu ilikuwamo kwenye mipango, lakini ilipogundulika kwamba pampu hufukiwa ardhini na haionekani, na kwamba kitu kisichoonekana hakizinduliki, ikaondolewa, na mahali pake pakajengwa jukwaa la wageni.

Mheshimiwa Lugome hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Alitia saini Agizo la Majitaka Kupanda Kilima, likabandikwa kwenye kila chemba ya mji, upande wa ndani wa kifuniko, ili walengwa walisome. Wiki zikapita, majitaka hayakupanda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini majitaka hayana guu, na hapo ndipo serikali ilipokwama. Mabomba yakaelekezwa mtoni kwa muda. Msomaji mgeni aelewe kwamba “kwa muda”, katika Tunatekeleza, ni kipimo cha wakati kama karne; wapo watu waliozaliwa, wakaoa na wakazikwa kwa muda.

*

Meneja wa mtambo aliteuliwa Bwana Twahili Ngwere, mtu wa makamo aliyekuwa afisa utamaduni, kazi yake kupanga ngoma na vigelegele uwanjani wageni wakija. Alipouliza kwa nini yeye, aliambiwa kwamba kutibu majitaka si kazi, kazi ni uzinduzi, na kwa uzinduzi hakuna wa kumshinda. Twahili alikuwa mtu wa kukubali. Alikubali mambo mengi maishani mwake, mengine kabla hayajasemwa. Akapewa ofisi kilimani, kiti cha kuzunguka, mlinzi mmoja wa getini, stoo ya maji ya chupa ya kuwakirimu wageni wakubwa, na mabwawa makavu mawili, ambayo aliyafagilisha kila Ijumaa.

Shida yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa Bondeni. Mkewe, Havijawa, alikuwa amekwenda kwao kujifungua, maana kwa watu wa huko mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama mzaa mke, na mama na mwana hawatoki hapo mpaka bibi mwenyewe aseme kwamba mtoto ameshika uhai. Twahili na Havijawa walikuwa wamemngoja mtoto huyo kwa miaka mingi, kwa waganga na kwa madaktari, wakakata tamaa na kuanza kuzoea. Habari ilipokuja kwamba amezaliwa, ni wa kike, mzima, na ameitwa Mwajabu, Twahili alilia ofisini mlango ukiwa wazi na hakujali nani anaona.

Alikwenda kumwona. Njiani aliufuata mto, na kadiri alivyoufuata ndivyo mwendo wake ulivyozidi kuwa mzito. Maji yalikuwa meusi, juu yana povu zito la kijivu, na katikati yalikuwa yakielea makaratasi ya chooni, yakiteremka taratibu kuelekea kwa watu ambao hawajapata kuyatumia. Harufu aliifahamu. Ilikuwa harufu ya mjini kwake, isipokuwa mjini haikuwapo tena.

Mama mkwe wake, Bi. Siwatu, alimpokea kwa adabu zote. Kwa desturi ya Bondeni, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani moja kwa moja. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa kiumbe chochote kilichopo. Siku hiyo alikuwapo kuku. Bi. Siwatu akampa mkwewe mgongo na kumgeukia kuku.

“Kuku wangu,” alisema, “mwambie baba yetu wa mjini kwamba jirani zetu wameshazika watoto kwa kuharisha. Mwambie mjukuu wangu namwogesha kwa maji ya kishimo nilichochimba mchangani, nangoja yajichuje, nachota kata kwa kata. Mto ukizidi kuoza hata mchanga utashindwa. Nasikia mwenye majitaka hayo ni yeye. Basi ayazuie.”

Kuku akadonoa punje. Twahili naye, kwa adabu, akamjibu kuku kwamba mtambo ukishazinduliwa tu, mto utakuwa safi. Aliomba pia kama ingewezekana mama na mwana warudi naye mjini mapema, na kuku akajibiwa kwa niaba yake kwamba haiwezekani, mila si kitambaa cha kukata unapotaka. Twahili akambeba mwanawe, akamnusa utosi, akaapa kimoyomoyo. Mtu akiwa amembeba mwanawe huweza kuamini lolote, hata mtambo wa Kilima cha Heshima.

*

Aliporudi akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Mji na kumwomba mtambo uanze kazi. Mheshimiwa Lugome alimsikiliza kwa upole, kisha akamweleza kwamba kukitumia kitu kabla hakijazinduliwa ni sawa na kula karamu kabla wageni hawajafika. Hospitali ya mji ilingoja uzinduzi, na wagonjwa walilazwa barazani wakiitazama. Daraja jipya lilingoja uzinduzi, na watu walivuka majini, wakipita chini yake. Majitaka ni nani hata yatangulizwe?

Hilo Twahili alilitarajia. Ambalo hakulitarajia ni la pili. Mkuu wa Mji alimkumbusha kwamba kwa itifaki ya Tunatekeleza, mgeni rasmi huonja zao la mradi anaouzindua. Kwenye kiwanda cha sukari hulamba, kwenye kinu hubwia unga, na kwenye kiwanda cha saruji Waziri aliyetangulia alikwisha kuonja, ndiyo maana alikuwa ametangulia. Zao la mtambo wa majitaka ni maji safi. Kwa hiyo Waziri atakunywa, na kabla yake, kwa usalama, atakunywa meneja.

Twahili akasema kwa sauti ndogo kwamba mabwawa ni makavu. Mheshimiwa Lugome akasema hilo si tatizo la mradi, ni tatizo la maji. Ikaamriwa boza la mji, lile lori la tangi, likachote kwenye chemchemi ya Msituni, maji matamu kuliko yote ya mkoa, limimine bwawani asubuhi ya siku yenyewe. Twahili akakubali, kama kawaida yake. Alijiambia kwamba utepe ukishakatwa hawatakuwa na kisingizio tena, mtambo utaletewa pampu, mto utapona, na Mwajabu ataogeshwa kwa maji ya mto wa babu zake. Mgeni njoo mwenyeji apone.

*

Siku ya uzinduzi mji ulifungwa. Barabara zote zilizuiwa tangu alfajiri ili msafara wa Waziri upite bila kuudhiwa na magari ya watu, na kati ya magari yaliyozuiwa lilikuwamo boza la mji lililokuwa likienda Msituni kuchota maji ya Waziri. Dereva aliwaeleza askari kwamba anafuata maji ya mgeni rasmi. Wakamwambia mgeni rasmi ndiye sababu ya kuzuiwa kwake, na kwamba ajivunie. Dereva alikuwa mtiifu, na muda ulikuwa unakwenda. Akateremka darajani, akaingiza bomba mtoni, akajaza, akapanda kilimani akamimina.

Alimnong'oneza Twahili jambo hilo wakati ving'ora vimeshafika getini. Twahili akatazama bwawani. Maji yalikuwa yanang'aa kidogo kwa rangi ya chai ya rangi, na Kamati ya Maandalizi ilikuwa imeshayamwagia majani ya mchaichai.

Mheshimiwa Waziri wa Maji, Heshima na Uzinduzi alipanda jukwaani. Alisema, “Leo, ndugu wananchi, tumeyaonyesha majitaka kwamba serikali ipo.” Alieleza kwamba nchi zilizoendelea zilianza hivihivi, kwa hotuba, na kwamba adui wa taifa alikuwa akisema majitaka hayawezi kupanda kilima, na adui huyo leo yuko wapi. Kikundi cha Makofi cha Mtumbizi kilipiga makofi barabara. Twahili mwenyewe ndiye aliyekifundisha, zama za utamaduni wake, kupiga makofi kila msemaji anapotua kuvuta pumzi, bila kusubiri kuelewa, kwa kuwa kuelewa huchelewesha.

Ikaja saa ya kuonja. Meneja akakabidhiwa bilauri. Akaitazama, akaona ndani yake vyoo vyote vya Mtumbizi, na mbele yake akaona kata ya Bi. Siwatu ikizama mchangani. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Twahili hakukubali. Akaimwaga ile bilauri chini. Mtangazaji, asiyepungukiwa na maneno, akatangaza kwamba meneja amewatambikia wahenga.

“Mheshimiwa,” Twahili alisema kwenye kipaza sauti, “maji haya yamechotwa chini ya daraja.” Akavuta pumzi. Makofi.

“Ni majitaka yetu wenyewe. Mtambo huu haufanyi kazi. Haujapata kufanya kazi.” Akavuta pumzi tena, na safari hii wakaongeza vigelegele, na bendi ya polisi ikaingia na tarumbeta.

Akaendelea hivyo hivyo. Alisema kwamba Bondeni watoto wanakufa, wakapiga makofi. Alisema wasipige makofi, wakapiga kwa nguvu zaidi. Mwishowe alisimama tu akilia, na kilio chake kikapokewa na kwaya. Waziri alikuwa akijifuta machozi. Alisema amezunguka nchi nzima na hajapata kuona mtumishi mnyenyekevu kiasi hiki. Mwingine angejisifu, huyu anajishusha. Kisha akainua bilauri yake, akainywa yote mpaka chini, akalamba midomo.

“Maji ya kwetu yana mwili,” alisema. “Haya ya chupa wanayoniletea ofisini ni membamba.”

*

Kabla msafara haujafika njia panda, Mheshimiwa Waziri aliomba usimame. Ukasimama tena baada ya hapo, na tena, magari yote yakizima injini kwa heshima na pikipiki za ving'ora zikisubiri kando ya kila kichaka. Baadaye redio ilitangaza kwamba Waziri yuko katika ziara ya kikazi kwenye hospitali moja ya ng'ambo, akiwa amelala kwa mafanikio makubwa.

Ikaundwa tume. Twahili alifungasha sanduku dogo la kwendea jela. Lakini tume ilipochunguza iliona kwamba mtambo hauwezi kuwa na hatia, kwa kuwa ulisifiwa na Waziri mwenyewe. Mkuu wa Mji hawezi kuwa na hatia, kwa kuwa ndiye aliyeunda tume. Meneja alisema kweli mbele ya umati, na kwenye sheria za Tunatekeleza hakikupatikana kifungu kinachohusu jambo hilo, maana halikuwa limetokea kabla. Ukabaki mto. Mto ndio ulionywewa, mto ndio uliodhuru, na siku ile ulipita mjini bila mwaliko.

Hukumu ilisomwa hadharani kando ya daraja, mtuhumiwa akipita. Mto Lusheni ulivuliwa hadhi ya mto, ukafutwa kwenye ramani, na tangu siku hiyo ukaitwa Mfereji Mkuu wa Majitaka. Faida zilionekana papo hapo. Majitaka ya mji sasa yalikuwa yanaingia kwenye mfereji wa majitaka, mahali pake hasa, na Mtumbizi ukatunukiwa cheti cha kuwa mji pekee wa Jamhuri usiochafua mto wowote. Samaki waliosalia walipewa notisi ya kuhama. Kila kilichomo mferejini kikatangazwa kuwa mali ya serikali iliyo njiani kuelekea mtamboni, na atakayekichota atakuwa mwizi wa mali ya umma.

Twahili alipandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Mfereji. Alikuwa ameshajaribu ukweli mara moja, ukaishia kwenye makofi, na hakujua ajaribu nini kingine. Akakaa kwenye kiti chake akizunguka polepole, upande mmoja hadi mwingine.

Mtu wa kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo alikuwa Bi. Siwatu. Mgambo walimkuta ameinama kwenye kishimo chake cha mchangani, kata mkononi, ndoo nusu, wakambeba na ushahidi wake mpaka mjini. Kesi ilisikilizwa ofisini kwa Mkuu wa Mji, na aliyeitwa kukaa upande wa mlalamikaji ni Mkurugenzi wa Mfereji. Basi mkwe akautazama ukuta wa mashariki, mama mkwe akautazama wa magharibi, na Mheshimiwa Lugome, aliyekaa katikati, alidhani wote wawili wamezidiwa na heshima kwake.

Alimweleza mama huyo, kwa kirefu, maana ya mali ya umma. Bi. Siwatu alisema alichota maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Akaambiwa kwamba hayo si maji tena, ni rasilimali. Twahili alifungua kinywa kusema jambo kuhusu mtambo, akaambiwa asiwahurumie wezi. Kisha Mkuu wa Mji akanyoosha mgongo na kutoa hukumu, na kwa kuwa alipenda hukumu zake ziwe pana, hakuiacha kwa mtu mmoja.

“Wewe, na wanawake wote wa Bondeni mliochota, mtarudisha mlichochota. Mtakirudisha kilimani, mtamboni, kama sheria inavyotaka. Mpaka tone la mwisho.”

Bi. Siwatu akauliza ni cha tangu lini. Akajibiwa, cha tangu mradi ulipoanza. Akauliza je, wakirudisha zaidi ya walichochota? Mheshimiwa Lugome akatabasamu na kusema kwamba watakuwa wamelitumikia taifa. Bi. Siwatu akashukuru. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka, akamtazama mkwewe usoni. Hapakuwa na kuku ofisini.

“Baba Mwajabu,” alisema, “mwanao ametoka vipele mwili mzima, na mchanga hauchuji tena. Kesho tutapita getini kwako.”

*

Walikuja asubuhi. Kwanza walionekana chini ya daraja kama mstari mwembamba, kisha mstari ukakata mji katikati, ukaanza kupanda. Wanawake wa Bondeni wote, na wa vijiji vya chini ya Bondeni waliosikia kwamba kuna amri ya kurudisha, kila mmoja na ndoo kichwani, na ndani ya ndoo kila kilichopatikana pale bomba la mji linapotapikia mtoni, penye uzito wake wote. Walipita sokoni, watu wakafunga pua. Walipita mbele ya nyumba ya hakimu, ya mkuu wa polisi na ya Mkuu wa Mji, wakitoa salamu kila mlango, kwa kuwa walikuwa wamelelewa vizuri.

Mlinzi wa getini alikuwa amefunga. Mabwawa yalikuwa yamefagiliwa, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku mtambo wa majitaka utaletewa majitaka. Wakati huohuo tarishi akafika mbio kutoka kwa Mkuu wa Mji, ambaye alikuwa ameupokea msafara dirishani kwake, na ujumbe kwamba Mkurugenzi ahakikishe geti halifunguliwi kwa hali yoyote, na kwamba akumbuke yeye ni nani na amepandishwa na nani.

Twahili akatoka ofisini. Mbele kabisa alikuwa Bi. Siwatu. Nyuma yake alikuwa Havijawa, amekonda, na mgongoni Mwajabu, kichwa kimelala upande kwa uchovu ambao mtoto wa umri ule hapaswi kuujua. Twahili akaviona vile vipele shingoni. Ilimuuma vibaya, na pamoja na maumivu ikaja hasira, kitu alichokuwa hajakizoea, kikamkaa vizuri kuliko koti la cheo.

Akamnyang'anya mlinzi ufunguo, akafungua geti pande zote mbili. Akamshika mkewe mkono, akampeleka stoo, akavunja kufuli, akamwonyesha maji ya chupa ya wageni wakubwa yaliyopangwa hadi darini. Akamwambia amwogeshe mtoto kwa hayo, amnyweshe na hayo, na yakimalizika wataona. Havijawa alikwisha kukaa sakafuni akifungua vifuniko. Twahili akavua koti, akatoka nje, akaipokea ndoo ya mama mkwe wake kutoka kichwani mwa mama mkwe wake, jambo ambalo Bondeni halijapata kuonekana, akaimimina bwawani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa majitaka ya kwanza kutii agizo.

Sasa, mabwawa ya Kilima cha Heshima yalikuwa mapana, lakini kina chake kilikuwa cha kulowesha viatu, maana yalichimbwa kwa ajili ya kupigwa picha. Wanawake walikuwa wengi, na walikuwa na mengi ya kurudisha. Walipanda, wakamimina, wakashuka, wakapanda. Kufikia adhuhuri mabwawa yote mawili yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, na ndoo zilikuwa bado zinakuja. Maji hufuata mkondo. Yalitafuta upande wa chini, na upande wa chini wa kilima kile, kama msomaji anavyojua, wanakaa watu wazito. Yaliingia kwanza kwenye bustani ya mkuu wa polisi, yakapita chini ya mlango wa hakimu, yakakusanyika kwa utulivu kwenye baraza la Mheshimiwa Lugome, ambalo lilikuwa na zulia. Kwa mara ya kwanza tangu Mtumbizi upate mabomba, kinyesi cha mji kilibaki mjini.

Mkuu wa Mji alipanda kilimani kwa miguu, suruali ameikunja, leso puani. Hakukuwa na kikundi cha makofi wala mtangazaji. Alimkuta Twahili amelowa hadi mabegani, amejitwika ndoo kama mwanamke, akampita bila kumtambua, akaenda kusimama mbele ya Bi. Siwatu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya baba wa nyumba.

“Mama, acheni sasa,” alisema. “Nyumba zile zina watoto wadogo.”

Bi. Siwatu alimtazama, bila ukali.

“Hata kule wapo,” alisema.

Kisha akachukua ndoo yake tupu, akaanza kuteremka, na mkwewe akamfuata.